Michikichi ya Upande wa Kijito

Morogoro,
12 Oktoba 2025

Kwa Shangazi Mwamvua, Simbo, Kigoma.

Shangazi, shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na nyumba nzima ni wazima isipokuwa mafua ya watoto, ambayo hapa Morogoro yamekuwa kama mwanafamilia mwingine. Mama Zuhura anakusalimu sana, anauliza kama lile goti bado linakusumbua ukiinama kusali. Kazini mashine zinaharibika nami nazitengeneza, riziki ndiyo hiyo.

Usishangae kupata barua wakati simu unayo. Wewe mwenyewe ulikuwepo Buzebazeba kwenye kile kikao cha ukoo. Walisema mimi na wewe tukishika simu tunapigiana kelele hadi presha yako inapanda, kwa hiyo tuandikiane, maana mtu akiandika hupata muda wa kumeza mate. Nimekubali. Barua anakuletea Martini, yule mhudumu wa behewa niliyesoma naye Ujiji. Jibu umpe yeye huyo huyo kabla treni haijageuza.

Sasa jambo lenyewe. Msimu huu nimepokea dumu moja la mawese. Moja, Shangazi, tena halikujaa hadi shingoni. Mvua ilinyesha vizuri, wewe mwenyewe ulinitumia salamu kwamba mahindi yamekuzidi urefu. Mvua nzuri, shamba lile lile, michikichi ile ile aliyoiacha baba. Mafuta yamekwenda wapi?

Sisemi umeiba. Nasema nieleze. Shamba la Simbo ni fungu langu, na nilikuachia uishi humo na kulitunza bila kukuwekea sharti lolote ila moja, unalijua. Sitaki kufika mahali pa kuanza kukutilia shaka wewe, dada wa baba yangu. Lakini nakiri nimeanza.

Nisalimie wote. Bi Veneranda jirani, Mzee Dismasi wa mashine ya kukamulia, jamaa wa msikitini, hata yule mbuzi wako mwenye pembe moja.

Mwanao,
Mwinshehe.


Simbo,
2 Novemba 2025

Kwako baba,

Marahaba. Nakuita baba kwa kuwa umebeba jina la baba yangu mzazi, si kwa kuwa una adabu zake. Barua nimeipata. Martini aliileta hadi mlangoni, akanywa uji, akasifu, akaongezewa. Goti bado ni langu. Linajua mvua kabla ya redio. Bi Veneranda amevunjika mkono, alianguka kisimani, sasa anatembea ameufunga kwa kanga na kila mtu anamhurumia, naye amezoea. Mimi naandika kwa mkono wangu, kama unavyoona herufi zilivyo kubwa. Sipendi kuandikiwa, maana mwandishi huongeza chumvi yake.

Mafuta hayakwenda popote, baba. Hayakutoka. Michikichi imekataa kuzaa. Mikungu ilikuwa michache na myepesi, nikapeleka kwa Mzee Dismasi nikaona aibu kumwomba awashe mashine. Mwulize. Kwa nini imekataa, mimi sijui. Mimi si mchikichi.

Unasema hujasema nimeiba. Nimeisoma barua mara nyingi nikitafuta neno jingine unalotaka kulisema, sikuliona.

Nikuambie jambo. Umemsalimia jirani, umemsalimia mtu wa mashine, umesalimia hadi mbuzi. Mdogo wako Kashindi hukumtaja. Tangu kaka yangu azikwe, jina hilo halijatoka kinywani mwako wala kwenye kalamu yako. Haya, hayo ni yako. Mimi nimeona tu, na macho ni yangu.

Msalimie Mama Zuhura. Watoto wapake mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi, kifuani, mafua yatakimbia. Nimekuwekea kichupa humu, Martini asikinywe.

Shangazi yako,
Mwamvua.


Morogoro,
30 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Kichupa kimefika, mafua yamepungua. Mwambie Bi Veneranda pole. Zuhura amefaulu kuingia darasa la saba, anataka kuwa rubani, sijui ameiona wapi ndege.

Umemtaja mtu ambaye mimi sikumtaja, basi nikujibu mara moja tusirudie. Baba alifariki alfajiri. Nilipanda treni siku hiyo hiyo. Nilifika Kigoma nikakuta kaburi limekwisha kumwagiwa maji na watu wanaosha mikono. Kashindi alimzika baba yangu bila mimi, mtoto wa kwanza. Hakunisubiri. Ndipo nikasema, na narudia: nyumba ya Kibirizi kule ufukweni ni fungu lake, abaki nayo, lakini shamba la Simbo asilikanyage mimi nikiwa hai. Hilo ndilo sharti langu moja kwako. Yamekwisha.

Turudi kwenye michikichi. Kwa kuwa hukunieleza, nimemwomba Zefania, yule anayelima mihogo karibu na shamba letu, apite aangalie. Amenipigia simu. Anasema mikungu kweli ni haba. Lakini anasema pia ameona moshi upande wa kijito, na kamba ya nguo imefungwa nyuma ya michikichi. Nguo za watoto, Shangazi. Wewe huna watoto wadogo. Nani anaishi huko? Ndio wanaovuna?

Nisikie kutoka kwako mwenyewe. Nikikosa maelezo yanayoingia akilini, baada ya Idi nitamkabidhi Zefania shamba pamoja na nyumba, nawe utahamia kwa jamaa zetu Buzebazeba. Sikupenda kuliandika hili. Nimeliandika.

Nisalimie Bi Veneranda, Mzee Dismasi na jamaa wote wa msikitini.

Mwinshehe.


Simbo,
4 Januari 2026

Baba,

Barua yako imechelewa, maji yalikata reli na Martini akakwama njiani na mizigo ya watu. Ilikuwa bora ikwame huko huko.

Sisi wazima. Mvua ni nyingi, barabara ya kwenda mjini imekuwa tope, migebuka ya ziwani haifiki Simbo na ikifika ina bei ya nyama. Mbuzi amezaa. Mtoto wake ana pembe zote mbili, kwa hiyo si za kurithi.

Huyo jasusi wako alikuja. Alikuja anajifanya anatafuta mbuzi wake aliyepotea, naye Zefania tangu azaliwe hajawahi kufuga mbuzi. "Mwakeye, mama," ananisalimu Kiha, macho yakiwa juu kwenye michikichi. Nikamkaribisha. Nikampa ugali na dagaa wa mawese, akala kama mtu aliyetumwa na njaa na si na wewe. Nikamuuliza, "Mbuzi wako ana rangi gani?" Akasema mweusi. Alipomaliza kunawa nikamuuliza tena, akasema mweupe. Na mtu kama huyo ndiye unataka alale kwenye nyumba yangu.

Nasema nyumba yangu. Nilipofiwa na mume wangu nikarudi na sanduku moja, kaka yangu, baba yako, alinionyesha ile nyumba akasema, "Kaa hapa mpaka uchoke." Sijachoka. Buzebazeba nitakaa kwa nani? Kwenye chumba cha nani? Watanivumilia wiki ya kwanza, ya pili wataanza kuhesabu sukari. Naogopa, Mwinshehe. Nakuandikia neno hilo bila kulipamba.

Nguo za watoto ni nguo za watoto, zikifuliwa huanikwa. Moshi ni moshi wa kupikia. Shamba lako halikanyagwi na mtu uliyemkataza. Naapa kwa hilo, na mimi siapi ovyo.

Sasa na mimi nikuulize. Nasikia huko mjini Kigoma kuna watu wanapita wanapima mashamba ya michikichi, wanataka makubwa. Ndiyo sababu unanitafutia kosa? Mtu anayetaka kuuza huanza na kumchafua anayeishi ndani. Nijibu hilo kwanza.

Mwamvua.


Morogoro,
25 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Siuzi.

Umeapa kwamba shamba halikanyagwi na yule niliyemkataza, wakati mimi sikukuuliza habari zake. Nilikuuliza nani anaishi upande wa kijito. Umenijibu swali langu kwa kulikwepa, nami nimeliona hilo.

Kwa kuwa Zefania umemshinda kwa ugali, namtuma mtu ambaye hashibishwi. Anaitwa Diana, ni mtaalamu wa michikichi, nimepewa namba yake na rafiki yangu wa kazini. Hatujuani, hana ndugu Simbo, hana sababu ya kunidanganya. Atakagua mti kwa mti. Mpe nafasi afanye kazi yake.

Nisalimie wote.

Mwinshehe.


Simbo,
15 Februari 2026

Baba,

Ramadhani inagonga mlango. Mungu akutakie funga njema na akupunguzie ulimi. Goti linauma. Bi Veneranda amefunguliwa mkono, sasa hana la kusimulia, amenuna.

Diana wako amekuja. Nilijua ni mpimaji wa wanunuzi, kwa hiyo sikumpa hata kiti. Akakaa kwenye gogo. Msichana mdogo, mabuti hadi magotini, ana heshima, "Shikamoo bibi, naomba nizunguke." Nikamfuata nyuma kila alipokwenda, na goti langu hili. Alikuwa haangalii chini kama mpimaji. Alikuwa anaangalia juu, kwenye makwapa ya majani.

Akachomoa kitu kwenye mchikichi mmoja, kama vidole vingi vilivyofungwa pamoja, vina unga wa njano. Akasema, "Bibi, haya ni maua dume."

Nikamwambia, "Dume si ndiyo vizuri?"

Akacheka hadi akashika shina. "Hapana bibi. Ua jike ndilo linalogeuka mkungu. Dume linatoa unga tu, halafu linaoza. Mti huu umejaa madume. Ndiyo maana hamvuni."

Nikamuuliza mti umepatwa na nini, mvua yote hii. Hapo akanieleza jambo ambalo mpaka leo linanizungukia kichwani, na nakuandikia kwa kuwa najua atakupigia simu, afadhali ulisikie kwangu kwanza. Anasema mkungu unaouona leo haukuanza leo. Ulianza mwaka juzi, ukiwa mdogo ndani kabisa ya moyo wa mti, na wakati huo ndipo mti uliamua kama utakuwa jike au dume. Ukiwa umeshiba, unaamua jike. Ukiwa taabani, unaamua dume, kwa sababu kulea mkungu ni kazi kubwa nao hauna nguvu. Halafu shida inapita, mvua inarudi, majani yanakuwa kijani, wewe mwenye shamba unasahau. Mti haukusahau. Unakuja kukuonyesha baadaye, wakati huna habari.

Anasema si michikichi peke yake. Mimea mingi ina kumbukumbu zake. Mmea uliokwisha kuonja kiu, kiu ikija tena unajikunja mapema kuliko usiowahi kuionja. Nikamwambia hilo mimi nalijua. Kuku wangu aliyenyakuliwa kifaranga na mwewe, hata ukipita na mwavuli anakimbilia uvunguni.

Kisha akafunga begi lake, akanitazama usoni. "Bibi, mwaka juzi, wakati wa masika, mliifanyia nini michikichi hii?"

Nikamwambia sikumbuki.

Akatia begi begani, akaaga. Mimi nikabaki naitazama ile miti. Nimeishi nayo miaka yote, nimeipalilia, nikidhani ni miti tu, imesimama. Kumbe ilikuwa inatunza. Nakwambia ukweli, tangu siku ile nikipita chini yake najisikia natazamwa.

Mwaka juzi kulikuwa na jua kali mahali fulani katikati. Andika hivyo. Ni jua.

Mwamvua.


Morogoro,
8 Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo, na funga iwe nyepesi kwako. Mama Zuhura anauliza kama unakunywa dawa ya presha usiku, baada ya kufuturu. Tafadhali usiiache.

Si jua.

Diana alinipigia. Alizungumza kwa muda mrefu, nami nilimsikiliza kwa makini. Anasema sehemu kubwa ya shamba, ule upande wa barabarani, mikungu imepungua kidogo tu. Ule upande wa kijito, safu yote ya ukingoni, ni madume matupu. Jua halichagui upande, Shangazi. Kiu ingeshika shamba zima. Anasema ukitazama chini ya shina unaona makovu: kwenye miti ya kijitoni majani yalikatwa yote kwa mara moja, yakaachwa machache ya kati yaliyosimama. Mchikichi unapikia kwenye majani, ndilo jiko lake. Mtu aliibomolea miti ile jiko mwaka juzi wakati wa masika, nayo ikaamua kuzaa madume. Na kwa sababu ile ndiyo safu ya baba, aliyoipanda kwanza kwenye udongo wenye maji, ile inayotupa mafuta mengi kuliko yote, ndiyo maana nimepata dumu moja.

Kwa hiyo sasa nauliza mara ya mwisho. Makuti yale mlimkatia nani? Uliyauza? Watu wa nguo za watoto ni akina nani? Na kwa nini kila ninachouliza unanijibu habari za mbuzi na kuku?

Ninaumia kuandika hivi mwezi huu. Lakini wewe ndiye ulinifundisha nikiwa mdogo kwamba anayesema sikumbuki kwa haraka anakumbuka. Nimemwambia Zefania ajiandae. Idi ikipita bila jibu, akabidhiwe.

Mwinshehe.


Simbo,
29 Machi 2026

Mwanangu Mwinshehe,

Idi imepita. Tulikula pilau, nikakuwekea sahani kama ninavyofanya kila mwaka, akaila Bi Veneranda. Dawa nakunywa. Zefania alipita jana nje ya uzio, anapima kwa hatua mahali pa kujenga banda. Sikumkaribisha ugali.

Nimechoka, kwa hiyo nakueleza. Niliahidi nisikueleze, na niliyemwahidi hajui kwamba naandika.

Mwaka juzi ziwa lilipanda. Hukusikia? Redio zote zilisema. Maji yaliingia Kibirizi yakachukua vichanja vya dagaa, yakachukua maduka, yakakaa. Nyumba ya baba yako, fungu la Kashindi, maji yalifika madirishani. Yalikaa ndani mpaka ukuta wa nyuma ukalainika ukalala. Nilingoja uulize. Kila ulipopiga simu nilisema sasa atauliza. Uliuliza mawese.

Kashindi alikuja Simbo na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na mlango mmoja, magodoro yaliyolowa, mkewe Wema, na watoto wanne wamekaa juu ya magodoro. Nikafungua nyumba, nikamwambia ingieni. Akasimama barabarani. Akasema, "Shangazi, kaka alisema nisikanyage." Nikamwambia kaka yuko Morogoro, hana macho marefu kiasi hicho. Akasema, "Nilisikia kwa masikio yangu. Sitaki uje ufukuzwe kwa ajili yangu." Mvua inamnyeshea. Nililia mbele ya watoto wake, na mimi si mtu wa kulia.

Akazunguka shamba lote kwa nje, akavuka kijito kule chini, akasimama ng'ambo, kwenye kile kipande cha Mzee Dismasi ambacho hakilimwi. Mzee akamruhusu. Akachimba nguzo. Bati hakuwa nalo, nyasi zilikuwa zimeoza kwa mvua. Yalibaki makuti.

Sasa sikiliza, kwa kuwa hapa ndipo mafuta yako yalipokwenda. Nilimwita mkataji. Anaijua kazi yake, akaniambia, "Mama, tuchukue mawili matatu kila mti, shamba zima, mti hautahisi." Ndivyo inavyofanywa, na mimi nalijua hilo. Lakini mkataji kazi yake ni kupanda na kukata, alikuwa na miti ya watu inamngoja. Nani ayabebe makuti kutoka barabarani hadi kijitoni? Mimi na goti hili? Wema alikuwa na mimba kubwa. Mwenye mabega alikuwa amesimama ng'ambo ya maji, hakanyagi. Nikamwambia Kashindi vuka, mara moja tu, mimi nitasema nimebeba mwenyewe. Akatikisa kichwa. Basi mkataji akapanda ile safu ya ukingoni, ambayo kuti likikatwa linaanguka ng'ambo, akaikata yote. Nilimwona anaimaliza mti kwa mti, nikajua ni vibaya, nikanyamaza kwa sababu watoto walikuwa wanatetemeka.

Kumbe nawe ulikuwa juu ya miti ile. Bila katazo lako, shamba lingetoa makuti ya nyumba mbili na wewe usingekosa hata kijiko cha mawese.

Wanaishi pale mpaka leo. Nguo ulizoambiwa ni zao, pamoja na za mtoto aliyezaliwa chini ya makuti hayo. Wamempa jina la baba yako. Kashindi huwa anakaa ukingoni jioni, mimi nakaa upande huu, tunazungumza kijito kikiwa katikati yetu kama wendawazimu wawili. Mawese ya kupikia namrushia kwenye chupa. Hayo ndiyo niliyokuibia, kama ulikuwa unatafuta.

Na jingine nalisema kwa kuwa nimekwisha kuanza. Siku ya maziko ulisema hakukusubiri. Kashindi alikwenda stesheni asubuhi. Treni yako ilikuwa imekwama Uvinza, hakuna aliyejua itatoka lini. Alisimama pale mpaka wazee wakamfuata, wakamwambia jua linazama na maiti hawezi kungoja treni. Alirudi nyuma yao akiwa wa mwisho, anageuka geuka kutazama reli. Nilimwona. Nilijaribu kukuambia mara tatu, mara zote tatu ulikata simu.

Diana anasema miti ile si ya kufa. Ikiachiwa majani yake yote, itakaa sawa. Lakini hata ukiifanyia wema leo, anasema, mikungu ya mwaka huu na sehemu ya mwaka kesho imekwisha kuamuliwa. Utangoja.

Mpe Zefania, kama bado unataka. Mimi nitavuka kijito niungane nao.

Shangazi yako,
Mwamvua.


Morogoro,
19 Aprili 2026

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama Zuhura ameisoma barua yako kabla yangu, kwa sababu mimi nilifika ukurasa wa pili nikaiweka mezani nikatoka nje. Hajanisemesha tangu hapo isipokuwa kuniuliza kama nimekula.

Redio niliisikia. Nilisikia wakitaja Kibirizi, nikabadilisha stesheni.

Nina hasira bado, sijui ya nani. Umenificha, na ungenificha tena, nakujua. Lakini nimekaa na michikichi ile kichwani wiki nzima, ule ukingo wote uliokatwa kwa sababu mtu mmoja alikatazwa kupiga hatua kumi, naye akatii. Sikudhani angetii. Nilisema vile nikiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu, na nilitaka tu aumie kama mimi. Nikasahau kwamba nimesema. Yeye na miti hawakusahau.

Zefania nimempigia. Nimemwambia aendelee kumtafuta mbuzi wake. Nyumba ni yako mpaka uchoke, kama alivyosema baba.

Sasa nina swali moja, tafadhali unijibu bila kunipa habari za kuku. Makuti hayavumilii masika mengi, na haya sasa ni masika yake ya tatu. Yanavuja? Yule mdogo mwenye jina la baba analala upande gani?

Naomba likizo kuanzia mwisho wa mwezi huu. Nakuja na bati, Martini amekubali zipakiwe behewa la mizigo. Diana nimemwambia, anasema makuti yasikatwe hata moja zaidi, safu ile iachwe ipumzike, na mavuno yake nisiyaulize kabla ya mwaka ule mwingine. Nimemwambia sitauliza.

Nisalimie Bi Veneranda, Mzee Dismasi unishukurie kwa kile kipande chake, na mbuzi na mtoto wake. Nisalimie Wema na watoto, wote watano.

Na Kashindi, msalimie. Mwambie avuke. Mwambie pia asiteremshe kuti hata moja kabla sijafika, paa lile nataka kuliezua naye. Unaijua treni yetu. Ikichelewa, safari hii anisubiri.

Mwanao,
Mwinshehe.